Mteremko Uliokusanywa Mahali Panne: Siku ya Boti Nyembamba Kwenye Mto Thames

Kutoka Osney, pembeni mwa katikati ya mji wa Oxford, hadi Abingdon ni kama kilomita 14 kwa njia ya Mto Thames. Katika mwendo huo maji yanashuka kama mita 7, kimo cha nyumba ya ghorofa moja pamoja na paa lake. Ukisimama ukingoni huuoni mteremko wowote. Maji yamelala, bata maji wanaelea, boti zinapita kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Sababu ni kwamba mteremko wote umekusanywa mahali panne: Osney, Iffley, Sandford na Abingdon. Katika kila mahali pana loki, chumba cha maji cha kupandishia na kushushia boti.

Anayesafiri kwa mara ya kwanza kwenye mto wa namna hii hukutana na desturi ambazo hazionekani kuhusiana. Injini huzimwa ndani ya loki. Kamba hushikwa mkononi, hazifungwi. Boti inayoteremka na mkondo hugeuzwa kabla ya kutia gati. Hata chombo ambacho hakitaiacha nchi kavu ipotee machoni hubeba nanga. Mimi naona desturi zote hizo zina mzizi mmoja: maji ya mto hayatulii hata wewe ukitulia. Mfereji hukungoja. Ukizima injini kwenye mfereji, boti inasimama hapo hapo, unaweza kuchemsha chai. Ukizima injini katikati ya mto, safari inaendelea bila idhini yako.

Loki yenyewe ni chumba kilichojengwa kwa mawe, matofali au zege, hakina paa, kina milango upande wa juu wa mto na mingine upande wa chini. Boti inayoteremka huingia chumba kikiwa kimejaa. Milango ya nyuma yake inafungwa. Kisha hufunguliwa vilango vidogo vilivyozama upande wa chini, maji yanatoka, na boti inashuka pamoja nayo taratibu, kama bakuli linaloelea ndani ya pipa linalovuja. Maji ya ndani yakilingana na ya nje, milango ya mbele hufunguka na boti inatoka. Anayepanda hufanya kinyume chake: anaingia chumba kikiwa na maji machache, kinajazwa kutoka juu, anainuka. Hakuna pampu inayoinua boti wala mnyororo unaoishusha. Uzito wa maji ndio unaofanya kazi yote, binadamu anafungua na kufunga tu.

Milango nayo ina siri yake. Haikutani kwa mstari ulionyooka, hukutana kwa pembe, mfano wa viganja viwili vilivyogusana kwa ncha za vidole, na ncha hiyo inaelekea upande maji yanakotoka. Kadiri maji ya juu yanavyosukuma, ndivyo milango inavyobanana. Kwenye loki kubwa msukumo huo hufika makumi ya tani. Kwa hiyo mlango hauhitaji komeo, na hakuna mwenye nguvu za kuufungua kabla maji hayajalingana pande zote mbili. Mlango wa pembe unahusishwa na Leonardo da Vinci, aliyeshughulika na mifereji ya Milan mwishoni mwa karne ya 15. Chumba chenyewe ni cha kale zaidi. Mwaka 984 afisa wa China aitwaye Qiao Weiyue alijenga cha kwanza kinachojulikana katika maandishi, kwenye Mfereji Mkuu, baada ya kuchoshwa na boti za nafaka zilizokuwa zikikokotwa juu ya miteremko ya udongo, zikivunjika, na shehena yake ikiibwa.

Hapa kuna mkanganyiko ambao nimeusikia mara nyingi, nao unafaa kuondolewa. Watu hutaja Suez na Panama kana kwamba ni kitu kimoja. Mfereji wa Suez hauna loki hata moja, kwa sababu unaunganisha bahari mbili ambazo maji yake yako karibu usawa mmoja, na ardhi iliyo kati yake ni tambarare. Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, una loki kwa sababu meli hupandishwa hadi ziwa la Gatun, mita 26 juu ya usawa wa bahari, kisha zikashushwa upande wa pili. Loki ni jibu la mteremko. Pasipo na mteremko, loki haina kazi.

Na pale penye mteremko lakini pasipo na loki? Wasomaji wa Kisangani wanalijua jibu bila kuelezwa. Juu ya mji wao Mto Kongo unaanguka kama mita 60 katika maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwenye kilomita 100 hivi. Hakuna boti ya mizigo inayopita. Mwaka 1906 ilikamilishwa reli ya kuyakwepa maporomoko hayo hadi mahali panapoitwa Ubundu leo: shehena ilishushwa kutoka majini, ikapakiwa garini, ikashushwa tena, ikapakiwa majini. Ukifikiria mabega yaliyobeba magunia hayo mara mbili, utaiheshimu loki.

Kizingiti kwanza, loki baadaye

Wengi wakiitazama loki hudhani ndiyo iliyousimamisha mto. Sivyo. Kinachousimamisha mto ni kizingiti, ukuta uliokatiza maji kutoka ukingo hadi ukingo, ukiwa na malango ya chuma ya kuruhusu maji kiasi yapite. Kizingiti huyainua maji ya juu yake yakawa na kina cha kutosha boti kuelea, na hapo hapo hukusanya mteremko wa kilomita kadhaa mahali pamoja. Loki ni mlango mdogo uliotobolewa kando ya ukuta huo ili vyombo vipite. Mto mkubwa wote unapita kizingitini, wewe unapita uchochoroni. Ukiliweka jambo hili akilini, nusu ya hatari za mtoni umeshazielewa.

Vizingiti vya Thames havikujengwa kwa ajili ya mabaharia. Vilijengwa na wenye vinu waliotaka maji ya kugeuza magurudumu yao, na wavuvi waliotega samaki. Wenye boti waliviona kuwa adui, na ugomvi huo ni wa kale mno: Magna Carta, hati ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1215, ina kifungu kinachoagiza mitego ya samaki iliyoziba Thames, Medway na mito mingine ya Uingereza iondolewe. Haikuondolewa kirahisi. Kwa karne nyingi suluhisho lilikuwa pengo katikati ya kizingiti lililozibwa kwa mbao. Boti ikifika, mbao ziling'olewa na maji yakachomoka kwa kishindo. Aliyekuwa akiteremka alijitosa na wimbi hilo huku akimwomba Mungu. Aliyekuwa akipanda alivutwa kwa winchi na kamba, kinyume cha maji yaleyale. Mwenye kinu, naye, aliona maji aliyoyahifadhi yakienda bure, akadai malipo, au akakataa kufungua hadi apende mwenyewe.

Loki ya chumba ilipatanisha pande mbili, kwa kuwa hutumia maji ya chumba kimoja tu badala ya kuumwaga mto. Loki za kwanza za namna hiyo kwenye Thames zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1630 katika kipande hiki hiki tunachosafiri: Iffley, Sandford, na mkondo wa Swift Ditch karibu na Abingdon. Mwaka 1635 majahazi ya mizigo yalianza kufika Oxford kupitia hapo. Osney ilipata loki yake mwaka 1790, na iliyojengwa wakati huo ilikuwa kazi ya mkuu wa jela ya Oxford, Daniel Harris, aliyetumia nguvu za wafungwa. Leo watu hupita hapo wakila aiskrimu. Mimi siwezi kupita bila kuwafikiria waliobeba mawe yale wakiwa na adhabu mgongoni.

Chombo chenyewe

Boti nyembamba ni mtoto wa mfereji, si wa mto, na hilo linaeleza umbo lake. Ina upana wa mita 2.08 hivi, na urefu wake unaweza kufika mita 21 au 22. Mhandisi James Brindley, aliyeanza kuchimba Mfereji wa Trent na Mersey mwaka 1766, aliamua loki ziwe nyembamba ili kuokoa maji na gharama, na mifereji mingi ya katikati ya Uingereza ikafuata kipimo hicho. Farasi mmoja alitembea ukingoni akivuta shehena ya tani 25 au zaidi. Mfereji wa Oxford ulifika mjini mwaka 1790 kwa kipimo hicho hicho, na makaa ya mawe yakashuka bei. Familia za mabaharia ziliishi katika kichumba cha tezi, yaani nyuma ya boti, chenye urefu wa mita 3 tu: jiko, kitanda, kabati, watoto, vyote humo.

Za siku hizi zina dizeli, vitanda, bafu na jiko la gesi, na nyingi ni makazi ya kudumu ya watu. Huongozwa kutoka tezi kwa kana, mpini wa usukani, nahodha akiwa amesimama na mita 15 au zaidi za boti mbele yake. Ukisukuma kana kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Boti haigeuki kama gari. Huzunguka kama vile imechomwa msumari katikati, kwa hiyo tezi nayo inapepea upande wa pili, na mgeni huisahau mpaka aisikie ikigonga ukuta. Haina breki. Kuisimamisha ni kurudisha injini nyuma na kungoja, na wakati boti inarudi nyuma usukani haufanyi kazi yoyote ya maana.

Siku yenyewe

Siku inaanzia kwenye Mfereji wa Oxford, kwenye loki ndogo ya Isis, ambayo ndiyo mlango wa kutoka mferejini. Hapa unafanya kazi mwenyewe: unashuka na hendeli yako ya chuma, unazungusha gia za vilango, unasukuma boriti ya mlango kwa kiuno na mgongo. Halafu unapita kijito kifupi kiitwacho Sheepwash, unakata kushoto, na uko mtoni. Tofauti inasikika miguuni kabla haijaonekana. Omo inapoingia kwenye mkondo inasukumwa, tezi bado iko kwenye maji tuli, na boti inataka kwenda mshazari. Nahodha mzoefu huongeza injini kidogo kabla ya hapo ili usukani uwe na nguvu.

Umebadilisha na serikali pia, kwa namna fulani. Mifereji iko chini ya shirika la hisani, Canal & River Trust, tangu mwaka 2012. Thames ya juu, kutoka Cricklade hadi Teddington ambako maji kupwa na maji kujaa huanza, iko chini ya Environment Agency, taasisi ya serikali. Leseni ya mmoja haitoshi kwa mwingine, ingawa ipo leseni ya pamoja kwa wanaotumia njia zote mbili. Mwendo unaoruhusiwa nao unapanda, kutoka kilomita 6.4 kwa saa hadi 8.

Daraja la Osney linafuata mara moja, na ni fupi: nafasi yake juu ya maji ni kama mita 2.3 tu. Ndilo linalozizuia boti kubwa za anasa kwenda juu zaidi. Boti nyembamba hupita, ilimradi umeshusha bomba la moshi na baiskeli zilizowekwa darini. Kisha loki ya Osney. Kwa kawaida mlinzi wa loki huanza kazi saa tatu asubuhi, na kutoka Godstow, juu kidogo ya hapa, kuteremka hadi Teddington, malango huendeshwa kwa mashine za umeme. Akiwapo mlinzi, yeye ndiye anayepanga nani aingie kwanza na akae upande gani. Asipokuwapo, unabonyeza vitufe mwenyewe. Kuna loki 44 kati ya Lechlade na Teddington, na walinzi wake ni hazina. Wanaujua mto kama mkulima anavyolijua shamba lake, na swali lako la kipumbavu huwa wamelijibu mara elfu bila kununa.

Baada ya Daraja la Folly mto unaitwa Isis kwa mapenzi ya watu wa Oxford, na unakuwa wa wapiga makasia wa vyuo. Mpiga makasia hukaa akitazama alikotoka. Kwenye boti ya watu wanane yupo mshika usukani anayetazama mbele. Kwenye boti ya mtu mmoja hayupo, na wewe una tani 15 au 18 za chuma zisizo na breki. Punguza mwendo, baki upande wa kulia, wala usiyumbe. Mwezi wa Mei, wakati wa mashindano ya Eights, boti hupangwa foleni na kila moja hujaribu kuigonga ya mbele, kwa sababu mto hapa ni mwembamba mno kupitana. Siku hizo panga safari yako upya.

Iffley ni hatua ndogo, chini ya mita moja. Pana roda za kuvutia mitumbwi na vyombo vya upondo bila kuingia loki. Kinu kilichokuwapo hapo kwa karne nyingi kiliungua mwaka 1908. Pita taratibu.

Sandford ni habari nyingine, na hapa nataka kukawia. Hatua yake ni kama mita 2.7, na chumba chake kina urefu wa zaidi ya mita 50. Kila kinapoteremshwa, karibu lita milioni moja za maji hutoka. Ndani ya dakika chache unatoka kwenye jua na majani ukajikuta chini ya kuta zenye ukungu, sauti zote zimebadilika. Kamba mbili zinatakiwa, ya omo na ya tezi. Kila moja inazungushwa nguzo ya ukingoni na ncha yake kurudi mkononi mwako, ukiilegeza kadiri boti inavyoshuka. Ukiifunga fundo, boti itashuka upande mmoja na kuning'inia upande mwingine, na hapo ndipo vyombo huzama. Wala usiiachilie kabisa, kwa maana maji yanayotoka yanavuta boti nzima kuelekea milango ya chini. Injini inazimwa ili pangaboi lake lisisukume vyombo vingine, moshi usijae shimoni, na mlinzi akipiga kelele ya kusimamisha kazi asikike. Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote: chini ya milango ya juu kuna kingo ya zege inayojitokeza ndani ya chumba, nayo haionekani wakati maji yamejaa. Mstari uliochorwa ukutani unaonyesha inapoishia. Tezi ikibaki nyuma ya mstari huo, maji yatashuka na kuiacha imekalia kingo, huku omo ikiendelea kuzama. Kwa boti ndefu, nahodha haondoi jicho kwenye mstari huo hata sekunde moja.

Lakini kinachotisha Sandford hakiko ndani ya loki. Kiko juu yake kidogo, kwenye kizingiti kiitwacho Lasher. Hapo pana mnara wa mawe wa kuwakumbuka wanafunzi watano wa chuo cha Christ Church waliokufa maji mwaka 1843, 1872 na 1921. Maji yanayoanguka kutoka kizingitini huchimba shimo chini yake, kisha sehemu ya juu hurudi nyuma kuelekea ukutani. Aliyeangukia hapo hasukumwi kuondoka. Anavutwa kurudi chini ya maporomoko, tena na tena, hata awe mwogeleaji hodari. Nanga ni kwa ajili ya mahali kama hapa: injini ikizimika juu ya kizingiti una dakika chache tu, na kitu pekee kinachoweza kuushinda mkondo ni chuma kilichong'ata tope la chini. Nanga iliyofungiwa stoo, mnyororo wake haujaunganishwa, ni mzigo tu. Iwe omo, tayari, kabla hujatoka mferejini.

Kutoka Sandford hadi Abingdon ni kipande kirefu kuliko vyote, malisho na miti, misitu ya Nuneham ikiteremka hadi majini. Sina mengi ya kusema hapa. Kula chakula cha mchana.

Loki ya Abingdon iko juu kidogo ya mji. Ukishaipita, daraja la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1416 linaonekana mbele, na ukingo wa kutia gati uko karibu. Sasa fikiria: mkondo unakusukuma kutoka nyuma, breki huna. Ukiingia moja kwa moja na kufunga kamba ya omo kwanza, mto utaichukua tezi, uizungushe, na boti yako italala kukingama mto mzima. Kwa hiyo unaupita ukingo, unatafuta upana wa kutosha, unageuka, na kurudi ukiukabili mkondo. Hapo jambo zuri hutokea. Injini ikisukuma mbele polepole sawa na nguvu ya mto, boti inasimama kabisa kwa mtazamo wa ukingo, lakini maji bado yanapita kwenye usukani, kwa hiyo kana inakusikiliza. Unasogea ubavu kwa ubavu, sentimita kwa sentimita, mpaka dafrao, mito inayokinga ubavu wa boti, zinagusa ukingo. Kamba ya omo kwanza, kisha ya tezi. Mkondo uliokuwa tatizo lako umekuwa breki yako.

Kamba za usiku zisikazwe sana, zielekee mbali kidogo na boti, omo ikivutwa mbele na tezi nyuma, kwa maana mvua iliyonyesha juu ya Oxford itafika Abingdon ukiwa umelala, na maji yanaweza kupanda au kushuka. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, tembea hadi kwenye loki ukatazame ubao. Ubao wa njano unasema mkondo unaongezeka au unapungua, na chombo kisicho na injini hakitakiwi kutoka. Ubao mwekundu unasema mkondo ni mkali: baki ulipo, legeza kamba kadiri maji yanavyopanda, na ungoje.